Wazee wa Kaunta ya Saba

"Chukua," alisema Madam Perpetua, na bahasha nyeupe ikabaki inaning'inia hewani, kiganja kimoja tu kutoka vidole vya Rizalyn.

Aliyesoma wiki iliyopita anajua kilichomo. Ambaye hakusoma asihangaike, namwambia upesi. Rizalyn Pabilona ni keshia wa kaunta ya saba, supamaketi ya Silak, hapa Iloilo. Aliajiriwa tarehe tatu Septemba kwa mkataba wa miezi mitano, kama wasichana wote wanavyookotwa na kutupwa, maana wakubwa wanajua sheria: anayefikisha miezi sita kazini amekuwa wa kudumu.

Februari ilikuwa atolewe. Lakini mwisho wa Januari mji mzima ulikuwa barabarani kwenye sikukuu ya Mtoto Mtakatifu, na Madam Perpetua, mkuu wa waajiriwa, alikuwa mbele ya kundi la ngoma, manyoya kichwani. Akaruka. Akateguka kifundo cha mguu. Akalala nyumbani wiki tatu, na barua ya kumwachisha Rizalyn ikalala ofisini chini ya kikombe cha kahawa.

Aliporudi aliisahau, ameiona leo. Tarehe mbili Machi. Siku ya mwisho ya mwezi wa sita.

Saa ni kumi na dakika arobaini jioni. Saa kumi na mbili zamu inakwisha. Rizalyn akipiga kadi ya kutoka kabla hajaipokea barua na kuitia sahihi, hakuna wa kumng'oa.

"Chukua, Inday, binti yangu," Madam alirudia kwa sauti ya asali. "Tia sahihi hapa chini tu. Jambo dogo."

Jambo dogo! Nyumbani kwao, ndani ya sanduku la bati, Rizalyn ana sare tano za maduka matano. Ya njano, ya kijani, mbili za bluu, moja ya mistari. Zote mpya. Hakuna hata moja iliyopata muda wa kupauka. Kila miezi mitano anaanza upya: eksirei ya kifua, cheti cha polisi, foleni, tabasamu. Msichana huyu hakuomba ukubwa. Aliomba sare moja impaukie mwilini.

Mkono wake ukaanza kunyanyuka wenyewe, kwa mazoea ya kutii.

Ko!

Kopo la sardini likatua juu ya kaunta kama nyundo ya hakimu.

"Samahani," ikasema sauti kutoka chini, maana mwenyewe hakuizidi kaunta kwa kichwa. "Mimi ni mteja au ni mzimu?"

Alikuwa Lola Consing (kwetu lola ni bibi, lolo ni babu), mwenye miaka themanini na moja, karani wa mahakama mstaafu, meno manne, akili zote.

"Bibi, nusu dakika tu," alisema Madam.

"Nusu dakika ya nani? Soma ukutani."

Nyuma ya kila kaunta pale Silak kuna ubao wa herufi nyekundu: MTEJA AKIWA KAUNTANI, KESHIA HANA BOSI, HANA MAMA, HANA SIMU. Na juu ya ubao kuna kamera, na jicho lake linafika hadi makao makuu Manila. Aliyeitunga amri ile ni nani? Madam Perpetua mwenyewe! Mwezi uliopita tu alimfukuza msichana wa kaunta ya nne kwa kosa la kumwitikia mama yake mzazi aliyepita kumpa ufunguo wa nyumba.

Madam akaitazama kamera. Kamera ikamtazama Madam. Bahasha ikarudi kifuani.

"Nitasubiri," alisema, meno yamebana.

Rizalyn akaupokea mkono wa bibi, akaugusisha kwenye paji la uso wake, kama anavyowafanyia wazee wote. Akanong'ona, "Lola, nikimaliza kukuhudumia, nimekwisha."

"Kwani nani amekuambia utamaliza?"

Bibi akafungua mfuko wake, akatoa kijitabu cha wazee. Ndugu zangu, mnakijua kile kijitabu. Mzee akitaka punguzo lake, keshia lazima aandike humo kila kitu kwa mkono: jina la bidhaa, idadi, bei, tarehe, sahihi. Serikali iliweka utaratibu huo ili wazee wachoke wasidai. Leo, kwa mara ya kwanza tangu kubuniwa, kijitabu kilikuwa upande wa mnyonge.

"Andika kwa mwandiko ule wako mzuri," alisema Lola Consing. "Sina haraka. Na kopo hili, hebu nisomee linaharibika lini."

"Desemba, Lola. Mwaka kesho kutwa."

"Mimi nitaharibika kabla yake. Nisomee na viungo."

"Lola, ni samaki, nyanya, chumvi..."

"Polepole! Samaki wa aina gani?"

Nyuma yake foleni ikaanza kunong'ona. Kaunta ya saba ndiyo kaunta ya wazee, na wazee wa Iloilo hawana siri. Neno likapita kutoka sikio bovu hadi sikio zima. Wanataka kumfukuza Inday wetu. Huyu anayetusomea tarehe za dawa? Huyu huyu. Mpaka saa ngapi? Saa kumi na mbili. Loo, basi nishikie nafasi, nikachukue siki.

Ndani ya dakika kumi foleni ilipita rafu za sabuni, ikakata kona kwenye mchele, ikaishia kwa samaki wakavu. Kila mzee na kitu kimoja. Mmoja kitunguu. Mmoja pipi. Mmoja kiberiti, naye havuti sigara wala hana jiko la kuni.

Na waliohudumiwa hawakwenda nyumbani. Walizunguka, wakarudi mkiani.

Madam aliligundua hilo mwanamke wa pipi alipofika kaunta mara ya tatu.

"Mama, si umeshanunua pipi?"

"Nimeila."

"Na ile ya pili?"

"Ilikuwa mbaya. Nataka kujua ya tatu ikoje."

Rizalyn akauma mdomo wa chini asicheke, akaandika: pipi, moja. Tumbo lilikuwa likimtekenya kwa kicheko. Tangu lini mtu wa miezi mitano akalindwa na jeshi?

Madam akamwendea Manang Delsa, msimamizi wa makeshia, mwanamke mnene mwenye miaka kumi na mmoja kazini na funguo za mashine zote kiunoni.

"Delsa, funga mashine ya saba kwa ufunguo."

Manang Delsa akaupapasa ufunguo kiunoni. Akapapasa tena. Akafungua macho kama aliyeona nyoka.

"Madam! Haupo!"

"Ulikuwa nao sasa hivi!"

"Ndiyo maana nashangaa."

Akageuka kuutafuta chini ya meza, na Rizalyn akaona kitu kinang'aa ndani ya fundo la nywele zake. Manang Delsa akamkonyeza, jasho linamtiririka. Miaka kumi na mmoja mwanamke yule hakuwahi kumdanganya mkubwa. Alionekana kama mtu aliyelewa.

Madam hakukata tamaa. Alichukua kibao cha KAUNTA IMEFUNGWA, akakisimamisha mwisho wa foleni. Mwisho wa foleni alikuwepo Lolo Pidong, mpishi mstaafu wa melini, mrefu, mkavu, mshumaa mmoja mkononi. Akakitazama kibao. Akakitundikia kofia yake.

"Babu, kaunta imefungwa."

"Kaunta ya wazee haifungwi zamu haijaisha," akajibu. "Imeandikwa mlangoni. Ninyi ndio mliandika. Shida yenu mnaandika sana, hamsomi."

Saa kumi na moja na robo. Madam akapotea. Rizalyn akashusha pumzi. Lola Consing, aliyekuwa amezunguka na kurudi na kopo la pili, akasema, "Usifurahi. Mkubwa akinyamaza anavaa viatu."

Na kweli. Vipaza sauti vya duka zima vikakohoa.

"Habari njema kwa wazee wetu wapendwa! Sasa hivi, kaunta ya kwanza tu, mapepeo ya mkono ya bure! Bure kabisa! Yamebaki machache!"

Jamani. Wazee wanaweza kupinga dola, lakini kitu cha bure?

Foleni ikatikisika. Mwanamke wa pipi akanyanyua shingo. "Yana picha?" akauliza. "Yana picha ya mtakatifu!" akajibu mwingine, ambaye hakuwa ameyaona. Basi! Walikimbia. Fimbo, magoti, nyonga za kubandikwa, vyote vilikimbia. Waliokuwa thelathini wakawa kumi, wakawa wanne.

"Rudini, wapumbavu!" Lola Consing alifoka. Akageuka kwa Rizalyn, uso umemwiva. "Nawapigia kelele, narudi. Usikubali kitu." Naye akaondoka, na haijulikani hadi leo kama alikwenda kuwapigia kelele au kuchukua pepeo.

Kaunta ikabaki tupu.

Kule mwisho wa rafu, visigino vilikuwa vinakuja. Ko, ko, ko. Bahasha mbele, kalamu imeshafunguliwa. Hatua kumi. Hatua sita. Rizalyn akashika ukingo wa kaunta. Akazikumbuka sare zake tano, akaiona hii ya sita ikikunjwa juu yake.

"Mshumaa."

Lolo Pidong alikuwa amesimama mbele yake, peke yake, mshumaa umelala kiganjani. Hakuwa amekimbia na wenzake. Hakuwa amesikia tangazo lolote, maana sikio lake la kulia lilibaki jikoni mwa meli, juu ya mitambo, na la kushoto hulifungua apendapo.

Visigino vikakoma.

"Lolo," Rizalyn alisema, "hukwenda kuchukua pepeo?"

"Pepeo la nini? Nilishapepea vya kutosha." Akaweka mshumaa taratibu. "Unajua, Inday, mke wangu alifia kwenye foleni ya hospitali. Masaa saba tumekaa, namba mkononi, daktari mkuu yuko kwenye mkutano na keki. Namba yetu iliitwa, yeye hakuitika. Toka siku ile nazichukia foleni. Lakini leo," akaitazama bahasha ya Madam bila kupepesa, "leo ndiyo mara ya kwanza foleni inanifaa. Andika. Mshumaa mmoja. Mweupe. Andika na uzito wake."

Rizalyn aliandika, na machozi mawili yakadondoka juu ya neno mshumaa, akalazimika kuliandika upya. Hilo nalo likala dakika mbili.

Kisha kelele. Wanarudi! Walikuja kama wimbi, kila mmoja na pepeo lake, wakipepea, wakisukumana, Lola Consing mbele na mapepeo mawili.

"Yana picha ya mwenye duka!" mwanamke wa pipi alilalamika. "Sura kama jipu! Nirudishieni nafasi yangu!"

Kaunta ya saba ikapigwa upepo na mapepeo thelathini, risiti zikaruka, nywele za Madam zikasimama upande mmoja. Rizalyn akacheka kwa sauti. Hakuweza tena. Akacheka mpaka akashika mbavu, na wazee, walipomwona anacheka, wakacheka pia bila kujua wanacheka nini.

Madam akainyakua kalamu mkononi mwa Rizalyn.

"Hii ni mali ya kampuni!"

Lola Consing akachomoa kalamu kwenye nywele. Lolo Pidong akachomoa moja mfukoni. Mwanamke wa pipi alikuwa nazo nne. Wazee wetu, nani asiyejua, hawatoki kwenye ofisi ya serikali mikono mitupu. Kalamu kumi na saba zikajipanga juu ya kaunta.

"Chagua rangi," alisema Lola Consing.

Saa kumi na mbili kasoro dakika tano kengele ya kubadili zamu ikalia, na hapo ndipo Rizalyn alipokumbuka jambo ambalo hakuna aliyelifikiria. Saa ya kupigia kadi iko nyuma kabisa, karibu na mlango wa wafanyakazi. Kutoka kaunta hadi pale ni hatua sitini. Akitoka kaunta, hana mteja. Asipokuwa na mteja, ana bosi.

Madam alikuwa amelijua hilo zamani. Alikuwa amesimama katikati ya njia, mikono imekunjwa, anatabasamu.

"Wahudumie tu, Inday," alisema. "Nakusubiri hapa."

"Lola," Rizalyn alinong'ona, "imekwisha."

Lola Consing aliangalia njia. Aliangalia Madam. Kisha akaachia fimbo yake ikaanguka, akajishika goti, akatoa mlio uliosimamisha hadi wauza nyama.

"Uwiii! Goti langu! Mzee ananunua, mzee anaumia! Ubao wa tatu unasemaje pale?"

Manang Delsa akausoma kwa sauti ya kanisani, ufunguo unang'aa kichwani: "Huduma ya mzee haijaisha mpaka asindikizwe hadi mlangoni."

"Basi nisindikizwe!"

"Mlango ule pale, bibi," Madam alionyesha mlango mkubwa.

"Ule una jua. Mimi natokea wa nyuma."

Wasomaji, mmeona maandamano mengi mji huu. Hamjaona yale. Rizalyn katikati, bibi begani, makopo mawili ya sardini mkono mwingine. Mbele yao Lolo Pidong na mshumaa kama padri. Nyuma wazee thelathini na mapepeo. Muziki wa duka ulikuwa wa haraka na mtu fulani akaanza kutikisa nyonga, na ikawa ngoma kabisa, wanapita rafu ya maziwa, wanapita mafuta, "songa, songa, kuna mgonjwa!", na mgonjwa ndiye aliyekuwa akiongoza kiitikio. Madam Perpetua alisukumwa na upepo ule hadi kwenye tambi.

Saa ya ukutani: kumi na mbili kasoro dakika moja.

Rizalyn akaitoa kadi yake kwenye rafu. Akaitia kwenye tundu. Mashine nayo ina kiburi cha ofisi, ikakaa kimya. Wazee wakashika pumzi. Mshale ukaruka.

Krrrak!

Kumi na mbili kamili. Wino mwekundu, bado mbichi.

Sitaweza kuwaelezea kelele zile. Manang Delsa alilia akifuta machozi kwa pepeo lenye uso wa mwenye duka. Mwanamke wa pipi alimbusu Lolo Pidong, akajifuta, akambusu tena. Goti la Lola Consing lilipona papo hapo. Rizalyn alikuwa ameishika kadi kwa mikono miwili, anaipuliza wino ukauke, anacheka, anasema peke yake, "Wa kudumu. Mimi. Wa kudumu."

"Hongera," ikasema sauti.

Madam alikuwa ametoka kwenye tambi. Na jamani, alikuwa anatabasamu. Bahasha ilikuwa imechanika vipande, lakini mkononi alikuwa na karatasi nyingine, anaiandika kwa kuiegemeza ukutani.

"Sasa u mfanyakazi wa kudumu, Inday. Na wa kudumu hupelekwa popote kampuni inapomhitaji. Asiyefika siku ya kwanza amejiachisha kazi mwenyewe." Akatia sahihi. Akapiga muhuri. "Kesho saa mbili asubuhi, tawi la Kalubihan, kisiwani Guimaras. Nyuma ya kaunta. Mkaguzi atapita na kamera."

Ngoma ikafa.

Lola Consing aliipokea ile karatasi. Akaisogeza puani. Akaisoma mpaka chini, na mabega yake yakaanza kutetemeka, Rizalyn akadhani analia.

"Perpetua, mwanangu," alisema bibi, akifuta macho, "ningekuwa bado mahakamani ningekununulia keki. Saa nzima nilikuwa nawaza, kesho mtakana, mtasema kadi imeharibika, tarehe si hiyo. Kumbe unatuandikia mwenyewe! 'Mfanyakazi wa kudumu.' Sahihi yako. Muhuri wako. Tarehe."

Rangi ya Madam ikaondoka kama maji kwenye karai.

"Nipe hiyo karatasi."

Bibi akaitumbukiza kifuani mwake. "Njoo uichukue."

Kicheko kilichopasuka hapo kilisikika hadi barabara ya ng'ambo. Ila mtu mmoja hakucheka. Manang Delsa alikuwa amekaa juu ya gunia la mchele, uso umemshuka.

"Kalubihan?" alisema. "Madam, mimi Jumapili nilikwenda huko kwa shangazi. Hakuna tawi. Kuna bango limeandikwa Silak inakuja. Chini ya bango kuna nyati wawili wanagaagaa kwenye tope."

Wote wakamgeukia Madam. Tabasamu likamrudia, jino moja moja.

"Saa mbili kamili," alisema. "Nyuma ya kaunta. Kama hakuna kaunta, hilo si shauri langu." Akaondoka, visigino vinaimba.

Rizalyn alibaki na kadi yake. Kutoka sasa hadi saa mbili asubuhi ni masaa kumi na manne, na katikati yake kuna maji, kivuko, na nyati wawili. Ajira ya kudumu aliyoipata dakika tatu zilizopita itakufa kifungua kinywa hakijaliwa.

Lolo Pidong akauweka mshumaa wake mfukoni. Akakunja mikono ya shati, ya kulia, ya kushoto. Akawatazama wale wazee thelathini, mmoja mmoja, kama mpishi anayehesabu vyungu.

"Haya," alisema. "Kaunta ni mbao tu. Nani hapa ana msumeno?"